Tufaha, Dirisha na Ndege Mnene

Nilijifungua mwezi wa sita, wakati upepo wa Sumbawanga unaingia ndani kana kwamba nao una ufunguo. Kitovu cha mtoto hakijadondoka bado, shemeji yangu, kaka wa mume wangu, akaanza kuulizia kompyuta. Hakuuliza mtoto analalaje. Kompyuta.

Nina steshenari Majengo. Kompyuta yenyewe ni ya zamani, nyeupe, kioo na mashine ni kitu kimoja. Niliinunua kwa masista kabla sijaolewa, kwa hiyo hakuna mtu wa ukoo huu aliyenipa. Ndani ina mifumo mitatu na kila mmoja una kazi yake. Mmoja ndio pekee unaoelewana na printa yangu kuukuu ya picha za paspoti. Wa pili ni wa kuchapa barua na mitihani ya walimu. Wa tatu ni wa flashi za vijana wanaotaka nyimbo, maana virusi vyao huko haviniletei taabu. Ukiwasha, kabla ya kitu chochote, kioo kinakupangia michoro mitatu: tufaha lililomegwa, dirisha, na ndege mnene mwenye tumbo jeupe. Unasogeza mshale, unabonyeza, unaingia.

Mimi nachagua hata nikiwa naongea na mteja. Sasa nilikuwa kitandani nyumbani Katandala, mume wangu yuko Mtowisa kwenye mpunga, na duka likifungwa wateja wanahamia kwa jirani. Shemeji akaja na dawa yake: mashine iende kwake, aifute yote, apige window moja, yaani aweke mfumo mmoja tu, mimi nilee. Nikamwambia akifuta, printa ya picha inabaki kuwa kiota cha kuku. Akacheka. Akasema mzazi hatakiwi kujichosha na mambo ya mashine. Mume wangu alipopigiwa simu akasema sawa. Hiyo sawa yake sijaimeza mpaka leo.

Aliyesimama upande wangu ni baba mkwe. Alikuwa amekuja kutoka kijijini kumwona mjukuu, mahindi yameshaingia ghalani. Akasema asubuhi atafungua yeye mpaka nipate nguvu. Shemeji akakubali haraka mno. Akatangaza kwamba mzee akishindwa, siku ya ubatizo yeye anakuja na boksi kubeba mashine.

Kuna jambo moja. Kwa watu wa mume wangu, mkamwana hasogei kwa baba mkwe hadi mabega yakakaribiana, na duka langu mbuzi akiingia hageuki. Ningemwinamia vipi mzee nimwonyeshe mshale? Siku ya kwanza nilijikongoja hadi dukani, nikasimama mlangoni, mtoto mgongoni, nikafundisha kwa mdomo. Kiingereza hajui, na yule ndege alikuwa hajamwona maishani, akaniuliza kama analiwa. Basi nikamfundisha kuhesabu kutoka kushoto: ya kwanza picha, ya pili kuchapa, ya tatu flashi. Akashika vizuri, na siku zikaenda.

Asubuhi moja akanipigia. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama mtoto, leo mashine imekuwa ya bluu na inaniuliza kitu kwa Kizungu."

Nikamwambia asiguse kitu, achomoe waya ukutani. Nikafunga mtoto, nikapanda bodaboda. Dukani nikamkuta mama mmoja na wanawe wamevaa nguo za kupigia picha, wamekwisha kununa. Nikapapasa nyuma ya mashine, mahali ambapo mtu haoni. Kulikuwa na flashi ya shemeji, ile yenye window yake ya kupigia. Jioni iliyotangulia alipita dukani kusalimia. Mashine yangu hutanguliza kilichochomekwa nje, kwa hiyo mchoro wa nne ulikuwa umekaa mbele na kusukuma wenzake. Mzee alihesabu sawasawa, akabonyeza ya kwanza, akatua kwenye kufuta kila kitu. Angebonyeza mara chache zaidi, nisingekuwa na duka.

Nilimpigia shemeji, akasema aliisahau. Kisha akasema si aliniambia, kwamba mzee wa watu namtesa bure. Sitaandika nilichomjibu kwa sababu mwanangu atasoma haya siku moja.

Mzee alikuwa nje, kofia magotini.

"Mwanangu," akasema, "mimi siangalii mashine. Naangalia anayeingia."

Hapo ndipo nilipojua kosa liko wapi. Tufaha linamwambia nini mtu wa Ufipa? Nani anaingia dukani kwangu akiwa amefanana na dirisha?

Nilikaa mchana ule ule nikinyonyesha, mkono mmoja kwenye kipanya, nikafungua folda iliyojificha ambamo michoro hukaa. Ya zamani nikaihifadhi pembeni. Mpya inatakiwa iwe mraba, ndogo, na jina lile lile la ile iliyoondoka, herufi kwa herufi. Mara ya kwanza nilisahau kukata mandhari ya nyuma, kioo kikanionyesha kitu kama leso tatu nyeupe zimeanikwa. Nikarudia. Kwenye picha za paspoti niliweka uso wa mwanangu amekodoa macho, maana kila anayekaa kwenye kile kiti hukodoa vile vile. Kwa walimu nikaweka ile rimu ya gari inayogongwa shuleni kama kengele. Kwa vijana wa nyimbo, pikipiki.

Siku ya ubatizo, tulipotoka kanisani, shemeji alikuwa mlangoni pa duka langu na boksi lake, ndugu wote nyuma. Akachomeka mwenyewe ile flashi niliyomrudishia, hadharani safari hii.

"Haya baba, tuone."

Mzee akawasha. Michoro ikatokea minne. Nilisimama mlangoni nimebeba mtoto. Akasogeza kidole karibu na kioo, polepole.

"Huyu mjukuu wangu. Hii shule. Hii pikipiki. Hiki cha mbele sikijui." Akamgeukia mwanawe. "Chomoa kitu chako."

Shemeji akachomoa. Mzee akabonyeza uso wa mtoto, mashine ikafunguka pale pale kwenye picha, akamwambia mwanawe akae kwenye kiti. Mtu haendi kubisha na baba yake mbele ya shangazi zake. Akakaa. Mzee akatoka nje kunipisha, nikaingia nikampiga picha mimi, na amekodoa macho kuliko mwanangu.

Mashine iko pale pale. Boksi alilokuja nalo nilibaki nalo, naweka karatasi.