Midomo Miwili ya Gari Letu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye gari la matangazo, sikuruhusiwa kugusa waya wowote. Nilikuwa nimetoka kung'oa visiki kwenye mashamba ya karanga ya Nachingwea, viganja vimejaa malengelenge, na Bwana Habari, mkubwa wetu, akanipa kitambaa nifute vumbi kwenye amplifaya. Hicho ndicho chombo kinachokuza sauti. Ndani yake mlikuwa na taa za kioo, tukiziita valvu, ambazo ilibidi zipate moto kwanza ndipo kiseme. Ninyi mnaobonyeza tu muziki ukalia hamjui subira ile.

Gari lenyewe lilikuwa nyumba. Lilikuwa na vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa na kabati la vyombo. Mimi na dereva Saidi tulipika na kulala humo, tukizunguka vijijini kutangaza habari za serikali. Juu ya paa kilikaa kipaza sauti kimoja kikuukuu, kinakoroma.

Miaka ya hamsini ilipoanza nilikuwa nimeshakuwa fundi, na tukaletewa amplifaya kubwa zaidi pamoja na vipaza sauti viwili vipya, vyenye midomo mipana. Niling'oa kabati la vyombo ili amplifaya ipate nafasi, na Saidi akaninunia wiki nzima kwa ajili ya sufuria zake. Kipaza kimoja nikakifunga kushoto mwa paa, kingine kulia. Nikasimama mbele ya kimoja: safi. Nikaenda mbele ya cha pili: safi. Nikajiona bingwa.

"Kesho Ruangwa," Bwana Habari akaniambia. "Mimi mwenyewe nitakuwepo. Gari lisiposikika, fundi, wewe unarudi kwenye visiki."

Ruangwa watu walikaa kama desturi: wanawake kushoto, wanaume kulia, wazee katikati kwenye viti, na Bwana Habari pamoja nao. Saidi akashika maikrofoni. Kina mama wakapiga vigelegele, wanaume wakashangilia. Katikati wazee walikuwa wanatega masikio na kutazamana. Bwana Habari akanitazama mimi. Niliogopa, sifichi.

Aliyeniokoa ni Mzee Mchopa, mpiga ngoma wa kijiji cha Malolo. Alizunguka uwanja wote polepole, kisha akanijia.

"Mwanangu, midomo yako hii inagombana. Kwa kina mama nasikia, kwa wanaume nasikia. Pale kwa wazee, sauti nyembamba, haina tumbo. Mmoja unapiga, mwingine unaua."

Nikapanda paani mbio. Kweli, nyaya za kipaza cha kulia nilikuwa nimezifunga kinyume. Kimoja kikisukuma hewa, kingine kinaivuta, na pale katikati sauti zinamezana. Nikabadilisha nafasi za nyaya mbili tu. Saidi aliposema tena, mzee mmoja akaruka kitini, akashika masikio, akaangua kicheko.

"Sasa sawa," alisema Bwana Habari, basi. Nilishuka, nikakaa kwenye ngazi ya gari, nikacheka hadi machozi yakanitoka.

Tangu hapo, popote nilipofunga vipaza, nilizunguka uwanja mzima kwanza, na kituo changu cha mwisho kilikuwa viti vya wazee. Siku ya kuniaga kazini, mafundi vijana walinikalisha katikati. Wakafungua vipaza vyao, nami nikatega sikio kwa wasiwasi ule ule wa zamani.

Kila neno lilinifikia.