Raundi ya Baba

Mwezi uliopita nilirudi Hayes, pembeni mwa London, kufunga nyumba ya baba. Amekufa, Mungu amrehemu, na nguo zake zilikuwa bado kabatini. Nilizikunja bila kuhisi kitu, kama mtu anayekunja nguo za dukani. Kisha nikatazama dirishani, ng'ambo ya barabara, pale palipokuwa na pabu, baa ya mtaa. Sasa ni fleti.

Ungetujua miaka ile ya tisini ungetucheka. Familia ya Kizanzibari, sala tano, na mbele ya dirisha letu pabu ya Kiingereza. Asubuhi tulikwenda skuli tumeziba pua kwa harufu ya bia iliyolala na sigara. Wanaume waliteremsha mapipa ya bia kwenye tundu la ukingoni mwa njia, liendalo ghala la chini ya pabu, ngu-ngu-ngu, na bibi, mama yake baba, yumo ndani anavuta tasbihi. Alitukanya: tukiupita mlango ule, tutazame mbele.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mzee wa Kiingereza aliyefiwa na mkewe. Kila mchana alivaa koti na tai, akavuka barabara, akakaa kiti kile kile, akanywa bia zake polepole, akarudi. Hakulewa hata siku moja. Baba alipovunjika mguu kazini, kwenye maghala ya uwanja wa ndege, mzee yule ndiye aliyempeleka mama hospitali kwa gari yake kila jioni, mpaka baba akatoka. Njia nzima hasemi neno. Mama alisema yule ni redio iliyozimwa, lakini hakuacha kumpelekea sambusa.

Mzee yule alipokufa, wenzake walikusanyika pabu baada ya mazishi. Baba akasema atakwenda.

"Utakwenda kuhani kwenye ulevi?" bibi akamuuliza.

"Nakwenda kwa jirani, mama."

Akanichukua mimi, binti yake mkubwa, kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa chepesi.

Nilitegemea kilio. Hawakulia. Walizungumza mvua na mpira. Mwenye pabu, mama mmoja mnene, aliweka glasi ya bia iliyojaa mbele ya kiti cha marehemu, na hakuna aliyeigusa. Pakiti za krispi za viazi zilipasuliwa zikalala wazi katikati ya meza, kila mtu achukue. Na desturi yao ni raundi: mmoja anawanunulia wote mezani, kisha mwengine, mpaka zamu izunguke. Kila zamu baba aliletewa maji ya machungwa. Glasi zikamjaa mbele, hazinyweki.

Kisha glasi za wenzake zikaisha tena. Hakuna aliyemtazama baba, na hapo nikajua kuwa zamu imemfikia.

"Kaa tu, rafiki," mmoja akasema. "Tunaelewa."

Baba akasimama. "Siwezi kununua pombe," akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Lakini zamu ni yangu. Nisubirini."

Akatoka, akaniacha. Nilikaa nikitazama povu la bia ya marehemu likishuka. Sikuona hofu wala aibu. Sikuona chochote.

Mlango ulipofunguka, mama alikuwa kizingitini na buibui lake, mikononi sinia la sambusa zinafuka moshi. Baba yuko nyuma yake.

"Mimi mwisho wangu hapa," mama akaniambia. "Waambie waje."

Nikawaambia. Mwenye pabu akawa wa kwanza kuiweka glasi yake chini. Wote wakamfuata, mikono mitupu, wakatoka kwenye rasharasha kupokea kwa mkono wa mama. Mwanamume mmoja wa miraba minne alitafuna kidogo, akageukia ukuta, mabega yakaanza kutikisika. Mama akamtia sambusa ya pili mkononi, akamwambia kwa Kiswahili, "Lia, mwanangu. Lia tu."

Bibi alimnunia baba mpaka Ijumaa. Kisha akauliza kama sambusa zilitosha.

Miaka ikapita, sigara zikapigwa marufuku ndani, wateja wakapungua, pabu ikafungwa. Wale wanaume wengine wamekufa, wengine wamehama.

Msiba wa baba nao ulijaa watu wa msikitini, khitma ikasomwa. Lakini siku ile ya kufunga nyumba nilitoka nje nikaitazama milango ya mtaa mzima, nikitafuta mtu wa kumwambia kwamba amekufa. Kijana mmoja akatoka kwenye zile fleti, masikio kayaziba kwa muziki, akanitabasamia, akapita. Mtaa alioishi maisha yake yote ya Uingereza, na hapakuwa na hata mmoja aliyemjua.