Stoo ya Kuchorea, Kawajense

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Mpanda, na Jumamosi mchana nilikuwa na darasa jingine ambalo sikuliomba. Lilianzishwa na sista mmoja wa parokia kwenye stoo ya zamani kule Kawajense. Mtoto yeyote, mdogo au kijana, aliingia, akachukua karatasi, akachora anachotaka. Sista alipohamishwa alinikabidhi ufunguo pamoja na sharti moja: nisiwaambie wachore nini.

Sharti lile lilinishinda. Wiki nzima nilikuwa nimesimama mbele ya ubao nikisema fanyeni hivi, fanyeni vile, hadi koo limekauka na miguu imevimba. Watoto nao walizoea kuambiwa. Walikaa na karatasi tupu wakinikodolea macho.

"Mwalimu, tuchore nini?"

"Chochote."

"Chochote ndiyo nini?"

Wakachora bendera na chungwa, kama walivyochorewa ubaoni shuleni. Ningependa kusema nilikuwa na subira, lakini nilichoka tu kujibu. Nilikaa juu ya gunia karibu na mlango, nikaegemea ukuta. Walipoona sisemi kitu, wakaanza kufanya yao. Mmoja alichora miguu ya watu bila watu wenyewe. Mwingine aliipaka karatasi nzima rangi ya manjano, akaomba nyingine, akaipaka manjano tena.

Rangi alizotuachia sista ziliisha. Tukatumia mkaa, udongo mwekundu, na maji ya majani ya muhogo yaliyotwangwa. Karatasi zetu zilikuwa mifuko ya saruji. Kuikung'uta ilikuwa kazi yangu, na kikohozi kilichofuata kilikuwa changu pia.

Kiangazi kimoja alianza kuja binti mkubwa kidogo, aliyemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea. Familia yake ilikuwa ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe, wakajenga nje kidogo ya mji. Hakuwa msemaji. Alitandaza mfuko mzima sakafuni, akausugua kwa mkaa kuanzia kona moja. Jumamosi ya kwanza yote iliishia hapo. Iliyofuata akaendelea. Wadogo walimcheka, "Dada anachora masizi!" Yeye alijifuta jasho kwa mkono uleule mweusi, akainama tena. Karatasi ilipokuwa nyeusi yote, alichukua mwiba akaanza kuikwaruza, na palipokwaruzwa pakatokea miti isiyo na majani.

Siku moja baba yake akaja kumfuata. Alisimama mlangoni na fimbo yake mabegani, akanisalimia kwa heshima, kisha akauliza, "Mwalimu, huyu anasoma nini hapa? Nyumbani kazi zinamngoja."

Siku nyingine ningemweleza habari za vipaji na akili za watoto. Siku ile kichwa kilikuwa kinanigonga, na sikuwa na hotuba.

"Sijui, mzee," nikamwambia. "Muulize mwenyewe."

Akaingia taratibu, akikwepa makopo ya rangi. Alisimama kando ya ile karatasi akaitazama muda mrefu.

"Hii ni ile njia," akasema. "Tulipokuta msitu umeungua."

"Ndiyo, baba."

"Hawa ng'ombe. Huyu mimi." Akachuchumaa. "Mama yako yuko wapi?"

Binti akaendelea kushika mwiba bila kuchora. Baadaye niliambiwa kwamba mama huyo alikuwa amerudi kwao, na nyumbani hakuna aliyemtaja tena.

"Nilidhani hutaki nimweke," akasema.

Mzee alijikuna kidevu, akatazama dirishani, kisha akaweka kidole kwenye weusi, mbele ya ng'ombe wote.

"Alitangulia yeye. Alikuwa na dumu la maji kichwani, na wewe ulikuwa unalia miguu inaungua. Mweke hapa."

Binti akamweka. Baba yake alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yamefika kifuani, hadi alipomaliza. Hakusifu wala hakukosoa. Walipoondoka aliniambia tu, "Haya, mwalimu, pole na kazi," na sikumbuki mzazi mwingine wa darasa lile aliyewahi kunipa pole. Niliosha makopo huku machozi yananitoka, na sikujua kama ni kwa ajili yao au ni uchovu.

Baada ya siku ile binti hakuzuiwa kuja. Mvua zilipokaribia wakahama na mifugo kuelekea Majimoto. Alikuja kuniaga, akakunja kazi yake, akaifunga kwa kamba ya katani. Sikumwona tena.

Mwaka uliofuata parokia iliihitaji stoo kwa mahindi. Mwenyekiti wa kamati alikuja kwangu na maelezo marefu, akiogopa kwamba nitagoma. Nilimpa ufunguo kabla hajamaliza. Alishangaa. Mimi nilienda nyumbani nikalala.

Jumamosi iliyofuata watoto watatu walinifuata Shanwe, nilikokuwa nimepanga. Walisimama uani.

"Mwalimu, kuna mahindi mle ndani."

"Najua."

"Sasa tuchoree wapi?"

Nilikuwa nimejifunga kanga, uso umejaa usingizi. Nikawaambia sijui, na leo sina nguvu, nyie nendeni mkacheze. Hawakununa. Walichukua vijiti wakaanza kuchora kwenye udongo wa uani palepale, wakibishana nani ameingia eneo la nani. Nilisimama kidogo nikiwaangalia. Kisha nikarudi kitandani, nikiacha mlango wazi, nikalala katikati ya kelele zao.