Kambare Niliyemfukia Migombani

Mjomba wangu alikuwa akivua kwa ndoano kwenye ziwa dogo lililo bondeni, chini ya kijiji chetu huku Karagwe. Hakuwa mvuvi wa kuuza. Alikuwa mkulima wa kahawa kama sisi wote, na akipata samaki wawili, mmoja huwa wangu. Desturi hiyo aliianza nilipofiwa na mume wangu.

Mwaka juzi kiangazi kilipokaza, wafugaji waliteremsha ng'ombe mpaka ukingoni, wakawa wanawaogesha hapo hapo kwa dawa ya kupe. Jirani yangu aliyekwenda kuchota maji alirudi na ndoo tupu. Alisema ameona vyura wamekufa, na samaki wadogo wanaelea.

Siku mbili baadaye mjomba akaja na kambare aliyemfunga kwenye jani la mgomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Huyu mkubwa nimekuchagulia wewe."

Nikamuuliza amemvua wapi. Akasema upande wa kijito, mbali na ng'ombe. "Alivuta ndoano nusura anitose majini," akasema akicheka. "Samaki mgonjwa hana nguvu hizo."

Nilimpokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Mjomba alipoondoka nikamchunguza yule kambare. Macho maangavu, mashavu mekundu, nyama ukiibonyeza inarudi. Lakini hayo yanakuonyesha tu kama samaki ameoza. Sumu haina sura. Nikawatazama binti zangu wawili wakimenya ndizi. Nikachukua jembe, nikaenda kumfukia migombani. Mchana tulikula ndizi kwa maharage.

Ningeweza kumfuata mjomba nimwonye wasimle wa kwao. Kwake si mbali, hata dakika kumi hazifiki. Niliona aibu: nitamwambiaje mzee kwamba naiogopa zawadi yake? Nikajiambia labda ni woga wangu tu.

Kesho yake nikasikia mke wake amepelekwa zahanati, anatapika na kuharisha. Nilimkuta mjomba kwenye benchi nje, ameshika tumbo.

"Watoto hawajaumwa?" akaniuliza.

"Hawajambo."

"Basi si samaki. Nilishaanza kumshuku."

Ningeweza kuliacha hapo. Nikasema, "Mjomba, sisi hatukumla."

"Mlimfanya nini?"

"Nilimfukia. Niliogopa ile dawa ya ng'ombe."

Akautazama mlango wa zahanati. "Na hukuja kuniambia," akasema. Hakuwa anauliza.

Mke wake alipata nafuu baada ya siku nne. Mganga wa zahanati alisema huenda ni samaki, huenda ni maji ya kunywa. Hakuna kilichopimwa, na mpaka leo sijui. Serikali ya kijiji ikakataza kuogesha mifugo ziwani. Mvua zilipojaza bonde watu wakarudi kuvua, mjomba naye. Tukikutana njiani namwamkia, ananiitikia vizuri, anauliza hali ya watoto. Kwangu hapiti tena.

Mwaka jana nilijikaza nikaenda kuwaomba radhi. Mke wake aliniambia yamekwisha, akaniletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama anavyomletea mgeni yeyote.

"Ungenikatalia pale pale mlangoni," mjomba akasema, "ningekasirika siku moja, basi."

Nilichukua punje mbili za kahawa, nikaaga, nikateremka nyumbani nikizitafuna.