Kuku wa Kijapani Mbele ya Mwenyekiti

Pombe ikichemka sana, hubaki pombe? Swali hilo lilininyima usingizi. Mtaalamu wa Kijapani aliyekuja Lushoto kufundisha kilimo cha mboga alikuwa amenielekeza kupika kuku wa kwao, teriyaki: mchuzi wa soya, sukari na pombe ya mchele. Soya alinipa, lakini pombe ya mchele ningeitoa wapi? Nikatia dengelua, pombe yetu ya miwa. Mimi, msomi wa chuo kikuu, nikajiridhisha kwamba moto ungeitakasa.

Mgeni wangu alikuwa Mzee Shemboko, mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa. Bila neno lake, hakuna mkulima ambaye angenisikiliza mimi, bwana shamba mpya.

"Kijana, kuku kachinjwa na nani?"

"Na shehe mwenyewe, Mzee," nikajibu kwa majivuno.

"Alhamdulillahi! Wasomi wengine hawana adabu hii."

Akanyanyua paja, linang'aa kwa sukari. Nikawaza moto, nikawaza mvuke, nikamwaza Mungu. Paja lilipogusa ndevu zake, nikampokonya.

"Usile, Mzee! Nimetia dengelua!"

Akanikodolea macho, mkono ungali hewani.

"Sasa shehe ulimwitia nini? Aje amchinje kuku mlevi?"