Koo la Dada Yako Si Koo la Jirani

Nakumbuka asubuhi moja nyumbani kwetu Ngezi, hapa hapa Bunia, nilipokuwa msichana mwenye shingo nyembamba na kiburi kinene. Mimi na Baraka, mtoto wa baba mkubwa, tulikuwa tumetolewa mafindofindo siku moja, kwa daktari mmoja. Baraka alikuwa tayari amekaa barazani anakula bugali na sombe ya majani ya muhogo, tena anaimba. Mimi nilijikunja mkekani, nikishindwa kumeza hata mate yangu. Uchungu ulitoka kooni ukapanda mpaka masikioni.

Kaa kitako, mwanangu. Nimekusikia ukimwambia dada yako kwamba mtoto wa jirani alipasuliwa kama yeye na leo anacheza mpira. Ndiyo maana nimekuita.

Baraka naye aliniambia hivyohivyo. "Weye unadeka tu! Siye wote wawili tulikatwa. Mbona miye niko nakula?"

Hata mama akaanza kunitazama kwa mashaka. Kuumwa ni kitu kimoja, kutosadikiwa ni kingine, na hicho cha pili ndicho kilichonivunja. Kwa kuona haya nikaacha kulia, nikaacha kuomba dawa. Maji waliyoniletea nikawa nayamwaga dirishani ili wadhani nimekunywa. Midomo ikapasuka, macho yakaingia ndani, nikawa sina nguvu ya kusimama.

Ndipo akafika shangazi kutoka Mambasa, mwanamke ambaye hata baba alimwogopa. Alinishika mkono, akanitazama ulimi, wala hakuuliza kama nadeka. Alituchukua sote wawili mpaka kwa daktari, akauliza jambo ambalo nyumba nzima haikufikiri kuliuliza.

"Munganga, hawa batoto bawili, ulibakata namna moja?"

"Hapana, mama," daktari alijibu. "Kijana nilimutoa na kisu, damu ikasimama mbio. Binti, damu ilikataa kusimama, nikaichoma na chuma ya moto. Ile ilimuokoa, lakini kidonda ya moto inaumaka zaidi. Anapashwa kunywa maji, na dawa ya maumivu kwa saa yake. Koo ikikauka, uchungu inazidi."

Nililia palepale, mwanangu, kwa sauti, bila haya. Nililia kwa raha ya kusadikiwa.

Shangazi hakumgombeza Baraka. Alimpa kikombe tu. "Shika. Ni weye utamunywesha."

Akaninywesha, funda kwa funda, na kila nilipokunja uso naye aliukunja wake. Tangu siku ile hakunicheka tena kwa ugonjwa, mpaka tukazeeka.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi usipime uchungu wa mtu kwa koo la mwingine. Ugonjwa unaweza kuwa mmoja na daktari mmoja, lakini mkato ukawa tofauti, na miili nayo hailingani. Kabla ya kusema mtu anadeka, uliza alikatwaje, kisha uliza amekunywa nini. Nawe ukiumwa, sema. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa inuka. Kikombe kipo mezani, maji yamepoa. Habari za jirani ziache hapa kwangu. Kaa karibu na dada yako mpaka ameze, na akikunja uso, usiharakishe.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mpole, na siku yako ya kuumwa ikifika, akuletee mtu wa kukusadiki.