Moyo Mkubwa wa Skola

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi gari la mtafiti wa magonjwa ya moyo lilipopanda hadi shuleni kwetu Maguu. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, na harufu ya maganda yaliyochacha kando ya mto ilikuwa imeshika nguo, mikeka, hata uji. Mtafiti huyo, daktari mwanamke aliyezaliwa pwani na kuhamishiwa Songea, alituwekea kifuani chombo chake cha baridi, mmoja baada ya mwingine, akifumba macho. Alikuwa akitafuta watoto ambao maumivu ya koo yasiyotibiwa yalikuwa yameshawaharibia vali za moyo. Dada yangu Skola, ambaye kila alipopanda mlima na debe la kahawa alisimama njiani akisingizia kutazama maua, alisikilizwa muda mrefu. Kisha mama akaitwa kutoka shambani.

"Mama, binti yako ana moyo mkubwa."

Mama akacheka kwa haya. "Kaurithi kwa bibi yake, daktari. Huyu hata kuku wa jirani anawapa mahindi yetu."

"Nataka nikae naye Songea wiki mbili. Jumatatu nitamfuata na gari."

Jumatatu Skola alifichwa kwa mama mdogo, kijiji cha Mpepai, na gari likarudi tupu. "Kamsifia, sasa anamtaka," mama alimwambia baba. "Kwani wasichana wa kazi wameisha Songea?" Jambo hilo lilituchekesha majuma mengi. Skola alicheka kuliko sisi, mpaka akaishiwa pumzi.

Msimu uliofuata mtafiti alionyeshwa kaburi. Mama alipomweleza alivyoelewa, daktari aliketi juu ya gunia la kahawa. "Na hiki Kiswahili nimezaliwa nacho," alisema. Tangu hapo hadi alipostaafu, kila kijiji alianza hivi: "Moyo mkubwa ni ugonjwa. Simsifii mtu." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hatukuyaficha, tuliyaonea fahari.

Kwa vitabu alivyoniachia daktari, na kamusi, nimejifunza moyo chumba kwa chumba. Mwaka huu mpwa wangu amepimwa, na picha imeonyesha vali iliyokakamaa. Mama yake hakucheka. Alielewa kila neno, akaandikisha jina la mtoto kwenye foleni ya upasuaji, Dar es Salaam. Foleni haisogei. Jioni mtoto akipanda kutoka mtoni husimama katikati ya mlima, nasi tunamtazama, hakuna anayeuliza anaangalia nini.